JE, NABII IBRAHIM (A.S.) ALIKUWA MYAHUDI?



Mara nyingi utasikia mtu akisema: "Ibrahim alikuwa Myahudi." Usikasirike, wala usinyamaze. Yajue majina haya matatu ambayo watu huyachanganya.

1. WAEBRANIA. Taurati inamwita Ibrahim Mwebrania. Wataalamu wengi wanaliunganisha jina hilo na neno la "kuvuka", sawa na 'abara katika Kiarabu. Mapokeo yanaeleza kwamba alitoka nchi ambayo leo ni Iraki, akapita Harani, akaingia Kanaani.

2. WANA WA ISRAILI. Israili ni jina la pili la Nabii Yaakub, mjukuu wa Ibrahim. Wanawe 12 ndio asili ya makabila 12. Walihamia Misri zamani za Yusuf, wakatolewa na Musa. Jiwe la Farao Merneptah, la karibu mwaka 1208 kabla ya Nabii Isa, lilifukuliwa Misri mwaka 1896. Humo jina la Israili limeandikwa.

3. MAYAHUDI. Yuda alikuwa mmoja wa wale 12. Baada ya Nabii Sulaiman ufalme uligawanyika: Israili kaskazini, Yuda kusini. Waashuri waliuangusha ule wa kaskazini mwaka 722 kabla ya Isa. Wababeli waliubomoa Yerusalemu mwaka 586, wakawachukua watu wa Yuda uhamishoni. Mwaka 539 mfalme Cyrus wa Uajemi aliiteka Babeli, akawaruhusu kurudi. Polepole jina la kabila moja likawa jina la wote.

Sasa fikiri, ndugu yangu: Yuda ni kitukuu cha Ibrahim. Je, babu huitwa kwa jina la kitukuu ambaye hajazaliwa? Soma Sura Aal Imran, aya ya 65 mpaka 67, utaikuta hoja ya namna hiyo.

Tunapata faida gani? Kwanza, ukisoma "Bani Israil" katika Qur'ani, tazama ni watu gani na wa zama zipi. Miongoni mwao walikuwemo manabii na wacha Mungu, na walikuwemo waasi. Pili, usimtwike jirani yako dhambi ya watu waliokufa miaka elfu tatu iliyopita kwa sababu ya jina tu. Al-Baqara, aya ya 134, inatufundisha kwamba kila umma una hesabu yake. Nasi tutaulizwa amali zetu, si jina la ukoo wetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi wa haki. Amin.