Dondoo muhimu: Shawa ya umeme bila ajali

Koili inayopasha maji moto imo ndani ya kichwa cha shawa, kwa hiyo umeme na maji viko jirani, juu kidogo tu ya utosi wako.

1. Dai waya wa ethi. Fundi akisema "itawaka tu hata bila ethi", tafuta mwingine: itawaka kweli, lakini umeme ukivuja utapita mwilini mwako.
2. Ipe shawa waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Ya wati 5,000 hula karibu ampea 21 kwa volti 240. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13.
3. Fungulia maji kwanza, ndipo uwashe swichi. Ukimaliza, zima swichi, kisha funga maji.
4. Maji ya kisima yana chumvi? Nunua shawa ya maji ya chumvi.
5. Maji ni vuguvugu? Punguza kasi yake bombani.
6. Usibadilishe kiwango cha moto kwa mkono uliolowa.
7. Ukihisi mtekenyo ukishika bomba, zima swichi kuu, uite fundi siku hiyohiyo. Kuoga na kandambili si dawa.