Kingamwili Katika Utambuzi wa Uvimbe

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kushoto na kulia. Baada ya kuwaona watoto wengine wa namna hiyo aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1958, na humo aliuita uvimbe huo sakoma, yaani saratani ya tishu unganishi. Miaka michache baadaye wataalamu wa patholojia waliokuwa Kampala walionyesha kwamba ulikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga. Burkitt hakuwa mzembe. Vyombo vya wakati ule viliishia kwenye umbo la seli, na umbo peke yake hudanganya.

Ugumu huo haujaisha. Kinyama kilichokatwa mwilini huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta na kukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Kisha hutiwa hematoksilini, ambayo hufanya viini vya seli kuwa bluu, na eosini, ambayo huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Kwa uvimbe mwingi rangi hizo zatosha. Lakini ziko saratani za watoto ambazo katika hadubini hufanana kama punje za mtama mmoja, zote ndogo, za mviringo, za bluu: limfoma, nuroblastoma inayotokana na chembe za neva, rabdomiosakoma ya misuli, na sakoma ya Ewing. Limfoma ya Burkitt hukua upesi mno, lakini husikia dawa, na mara nyingi hupona bila kisu. Rabdomiosakoma hutaka dawa za mpango mwingine, pamoja na upasuaji au mionzi. Aliyekosea jina amekosea tiba.

Hapo ndipo imunohistokemia inapohitajika. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ikamate kitu maalumu, kiitwacho antijeni. Kwa kuwa kila aina ya seli ina protini zake, kingamwili yaweza kutumwa kama mjumbe anayemtafuta mtu mmoja tu katika umati. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake huko Marekani waliiunganisha kingamwili na rangi ing'aayo. Mwaka 1966 Nakane na Pierce waliifungia kimeng'enya badala ya rangi hiyo. Kimeng'enya kikipewa kemikali yake huacha alama ya kahawia mahali kingamwili iliposhika, na hadubini ya kawaida huiona. Mwaka 1975 Köhler na Milstein wa Cambridge waligundua njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu kwa wingi, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Bila ugunduzi huo maabara zisingekuwa na kingamwili za kutegemewa.

Basi mtaalamu aliye mbele ya punje za bluu huagiza kingamwili kadhaa kwa pamoja. Desmini na miogenini zikitokea, seli ni za misuli. CD20 na CD10 zikitokea, BCL2 ikikosekana, na Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, ikienea karibu katika seli zote, limfoma ya Burkitt huthibitika kwa kiasi kikubwa. Kutumia kingamwili moja ni hatari. CD99, kwa mfano, hutokea katika sakoma ya Ewing, lakini hutokea pia katika limfoma ya limfoblasti, ambayo pengine haina CD20 kabisa. Asiyeongeza TdT, protini ya seli changa za limfu, aweza kumtibu mtoto kwa ugonjwa asio nao.

Sakoma ya Kaposi, iliyojulikana Afrika ya Mashariki hata kabla ya UKIMWI, ina matata yake. Inapoanza hufanana na uvimbe usio na madhara wa mishipa midogo ya damu. CD31 na CD34 hazisaidii sana, kwani huonekana katika vyote viwili. Mwaka 1994 Chang na Moore waligundua kirusi kinachoambatana na saratani hiyo, na sasa kingamwili dhidi ya LANA, protini ya kirusi hicho, huacha vitone vya kahawia ndani ya viini. Vitone visomwe kwa makini: chuma cha damu iliyovuja nacho ni cha kahawia, ila hicho hukaa nje ya kiini.

Mengi huharibika kabla kinyama hakijafika maabara. Kikichelewa kutiwa fomalini huoza. Kikitiwa katika chupa finyu dawa haipenyi, maana fomalini yapasa kuwa angalau mara kumi ya ujazo wake. Kikikaa humo majuma mengi, protini hufungamana na antijeni hujificha. Tangu mwaka 1991 imejulikana kwamba kukichemsha kipande katika maji yenye kemikali hufichua antijeni nyingi, ingawa si zote. Kwa hiyo kila mara hupakwa pia kipande cha tishu inayojulikana, kama vile tonsili kwa CD20. Tonsili isipogeuka kahawia, jibu la mgonjwa halisomwi, kazi hurudiwa.