Mifupa ya mwanamke yataka mzigo

Wengi wetu hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kisichobadilika, mfano wa nguzo ya nyumba: ukishakomaa, umekomaa. Sivyo. Mfupa ni kiungo kilicho hai. Una mishipa ya damu, na kila siku chembe fulani huubomoa huku nyingine zikiujenga upya. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Je, ni nini huziamuru chembe hizo zijenge sana au kidogo? Kwa kiasi kikubwa ni mzigo. Daktari Mjerumani, Julius Wolff, alilieleza jambo hili mnamo 1892: mfupa hujipanga kulingana na uzito unaoubeba. Mchezaji wa tenisi aliyeanza angali mtoto huwa na mifupa minene zaidi katika mkono anaoshikia raketi kuliko ule mwingine. Kinyume chake, wanaanga wanaokaa angani miezi kadhaa, mahali ambapo mwili haulemewi na uzito wake, hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mifupa ya nyonga kila mwezi.

Sasa mtazame mama anayefanya kazi ya afisi jijini Nairobi. Asubuhi huketi ndani ya matatu, mchana kutwa huketi mezani, jioni huketi tena katika msongamano wa magari, na usiku huketi mbele ya televisheni. Kazini hupanda lifti. Mama huyu huenda akawa amechoka kupindukia, lakini mifupa yake haijafanya kazi yoyote. Uchovu wa mwili na mzigo wa mifupa ni mambo mawili tofauti. (Simshauri mtu arudi kuchota maji mtoni. Mizigo mizito kupita kiasi ya kichwani na mgongoni ina madhara yake kwa shingo na kiuno.)

Akiba ya ujana

Mwanamke yuko hatarini kuliko mwanamume kwa sababu mbili. Kwanza, mifupa yake aghalabu ni membamba zaidi tangu mwanzo. Pili, homoni ya estrojeni, ambayo huilinda mifupa, hupungua hedhi inapokoma, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Katika miaka mitano hadi saba inayofuata, mama anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Ugonjwa unaotokana na hali hii huitwa osteoporosisi. Ubaya wake ni kwamba hauumi. Mama huteleza bafuni, akajikinga kwa mkono, na kifundo kikavunjika kwa kishindo ambacho kisingemdhuru alipokuwa kijana. Wengine hugundua kuwa wamepungua kimo na mgongo umeanza kupinda, kumbe pingili za uti zimebonyea. Mvunjiko wa nyonga ndio mbaya zaidi, kwani wazee wengi wanaoupata hawatembei tena bila kusaidiwa.

Kwa hivyo akiba huwekwa mapema. Msichana huwa amejenga karibu asilimia 90 ya mifupa yake afikapo umri wa miaka 18 hivi, na kilele hufikiwa kabla ya miaka 30. Mzazi anayemkataza bintiye kuruka kamba eti si adabu anampunguzia akiba ya uzeeni. Mchezo huo una faida kwa mifupa kuliko mazoezi mengi ya kulipiwa.

Kutembea hakutoshi

Ushauri unaosikika kila mara ni "tembea." Kutembea ni kuzuri kwa moyo na sukari ya damu, wala nisieleweke vibaya. Lakini mfupa huzoea haraka. Mzigo ule ule wa kila siku hauuchochei kujenga zaidi, na mtu aliyekwisha kuzoea kutembea hawezi kutarajia mengi. Kuogelea na kuendesha baiskeli husaidia mifupa kidogo mno kwa kuwa maji au tandiko hubeba uzito wa mwili. Kinachouamsha mfupa ni kishindo cha ghafla au uzito uliozidi ule wa kawaida, hata kwa muda mfupi.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 1998 uliwataka wanawake waruke juu kidogo mara 50 kwa siku, siku sita kwa juma. Wale ambao bado walikuwa wakipata hedhi waliongeza mifupa ya nyonga kwa karibu asilimia 3 katika miezi mitano. Wale ambao hedhi ilikuwa imekoma hawakuongeza chochote.

Je, hao wa mwisho wakate tamaa? La. Huko Australia, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2017 yalihusu wanawake 101 waliopita miaka 58, ambao mifupa yao ilikwisha kupungua. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, chini ya msimamizi. Baada ya miezi minane mifupa ya kiuno ilikuwa imeongezeka kwa karibu asilimia 3. Kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani lilipoteza zaidi kidogo ya asilimia 1.

Hapa ndipo akina mama wengi hutishika, wakihofia watajaa misuli kama mabondia. Hofu hiyo haina msingi. Anayeanza anaweza kutumia mtungi wa lita tano uliojaa maji, ambao una uzito wa kilo tano. Simama, chuchumaa kana kwamba unataka kuketi kitini, mgongo ukiwa umenyooka, uinue mtungi kwa nguvu za miguu. Rudia mara kumi, pumzika, kisha urudie. Ukiona umekuwa mwepesi, chukua mitungi miwili, mmoja kila mkono. Ukibaki na mmoja mwaka mzima, mfupa utakuwa umeshauzoea. Kazini, acha lifti. Na kushuka ngazi nako kuna faida, kwa sababu ya kishindo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, na kwa waliofika miaka 65, yale ya kusawazisha mwili siku tatu, ili wasianguke.

Chakula nacho kina sehemu yake. Omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mala na sukuma wiki vina madini ya kalsiamu. Spinachi nayo ina kalsiamu, lakini mwili huipata kwa shida. Jua la kiasi huleta vitamini D.

Kuna wanaopaswa kuonana na daktari kabla ya kuanza: aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu, aliyepungua kimo, na anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au baridi yabisi. Hao wasiruke wala kuinama na kujipinda huku wameshika uzito. Mwanamke anayetumia sindano ya Depo kupanga uzazi azungumze na muuguzi, kwani sindano hiyo hupunguza mifupa kiasi, ingawa sehemu kubwa hurudi akiiacha. Asiiache kwa hofu bila njia nyingine. Na msichana mwanariadha ambaye hedhi yake imekatika kwa kukimbia sana na kula kidogo asidhani ni dalili ya kuwa imara. Mwili wake umekosa nishati, estrojeni imeshuka, na nyufa ndogo za mifupa ya mguu ndizo huja baadaye. Dawa yake ya kwanza ni kula zaidi na kupunguza kilomita.