Mfugaji wa kuku, kabla hujaweka shindano Facebook

Siku hizi swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, nikiweka shindano Facebook mayai yatatoka?" Yanaweza kutoka, ila inategemea zawadi unayotoa.

Zawadi itoke bandani kwako. Ukitoa simu au vocha, watajaa wanaotafuta simu. Mwingine yupo Mwanza na wewe upo Morogoro, huyo hatakuja kununua hata yai moja. Ukitoa trei ya mayai, na ukaandika kwamba mshindi anakuja kuichukua mwenyewe, watabaki walaji wa mayai walio karibu na wewe. Hao ndio tunaowataka.

Piga hesabu kwanza. Tuseme trei ya mayai 30 unauza shilingi 10,000, na kuizalisha inakugharimu 8,000. Ukitoa trei 3, umetumia 24,000. Faida yako kwa trei ni 2,000, kwa hiyo lazima uuze trei 12 zaidi ya kawaida ndio urudishe hela yako. Hesabu trei, achana na laiki. Laiki hainunui pumba.

Zawadi ya vifaranga wa siku moja mimi siishauri. Wanavumilia safari kwa sababu ya kiini cha yai kilichobaki tumboni, lakini wakifika wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Mshindi asiye na mahali pa kuwalelea atawazika wote, halafu atasema vifaranga vyako ni vibovu. Na atasema hapohapo Facebook.

Kwenye swali, uliza kitu kinachoonyesha ubora wa bidhaa yako. Mfano: weka picha ya mayai mawili kwenye chombo cha maji, moja limelala chini, jingine linaelea. Lipi ni la zamani, na kwa nini? (Ni linaloelea. Yai likikaa, maji hupungua kupitia ganda na nafasi ya hewa ndani inakua.) Anayeeleza sababu vizuri zaidi ndiye anashinda. Majibu yatumwe WhatsApp pamoja na jina la mtaa, hapo tayari umepata namba za wateja.

Usimtoze mtu kiingilio wala usichezeshe kura ya bahati. Mambo ya bahati nasibu yanasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, waulize kwanza kama unataka njia hiyo. Facebook nao hawaruhusu sharti la kusheya kwenye ukurasa binafsi au kutagi marafiki ili mtu ahesabiwe, ingawa utaona wengi wanafanya. Wanataka pia uandike kuwa wao hawahusiki na shindano lako. Weka tarehe na saa ya mwisho, na siku ya mwisho ya kuchukua zawadi.

Sasa matapeli. Wanafungua ukurasa wenye jina lako na picha zako, wanawaandikia washiriki wako: "Hongera umeshinda, tuma 5,000 ya usafiri." Mtu akituma, anayechafuka ni wewe. Kwa hiyo andika juu kabisa: "Hatuombi hela yoyote kwa mshindi. Namba yetu ni hii moja tu." Liwekwe siku ya kwanza ya shindano, sio baada ya mtu kulizwa.