Punje za Shayiri za Wadi Kubbaniya: Fred Wendorf na Maadili ya Ushahidi

Utangulizi

Swali la lini na wapi binadamu alianza kulima ni miongoni mwa maswali makuu ya akiolojia. Kwa muda mrefu wataalamu wameelekeza jibu Asia ya Magharibi, ambako ngano na shayiri zilianza kukuzwa yapata miaka 10,500 iliyopita. Mnamo mwaka wa 1979, ilielekea kwamba ushahidi kutoka Afrika ungelibatilisha jibu hilo. Makala haya yanaeleza jinsi dai hilo lilivyozuka, jinsi lilivyoanguka, na kwa nini kuanguka kwake hakukumvunjia heshima mtafiti aliyelitoa.

Mtafiti na uwanja wake

Fred Wendorf alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1924. Alipigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na akajeruhiwa vibaya nchini Italia. Baadaye alisomea akiolojia na kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1953. Aliingia Bonde la Nile mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Misri ilipokuwa ikijenga Bwawa Kuu la Aswan. Maji ya bwawa hilo yalikuwa yakitarajiwa kufunika sehemu kubwa ya Nubia. Wakati walimwengu wengi walihangaikia mahekalu ya mafarao, Wendorf alishughulikia mabaki yasiyovutia macho: zana za mawe, mifupa na majivu ya meko ya watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya farao wa kwanza. Msafara wa utafiti aliouongoza, akishirikiana na wataalamu wa Misri na wa Poland, hasa Romuald Schild, uliendelea kwa miongo kadhaa.

Dai la mwaka wa 1979

Wadi Kubbaniya ni bonde kavu linaloungana na Nile upande wa magharibi, kaskazini mwa mji wa Aswan. Hapo msafara ulifukua makambi ya watu waliovua kambare, kuwinda na kukusanya mimea. Mawe ya kusagia yalipatikana kwa wingi. Katika matabaka hayo zilipatikana pia punje chache za shayiri. Mkaa wa matabaka yenyewe ulipopimwa kwa njia ya kaboni, ulionyesha umri wa takriban miaka 17,000 hadi 18,000.

Mantiki ilionekana kujitosheleza: punje zimo katika tabaka, tabaka lina umri huo, basi punje nazo zina umri huo. Wendorf na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Iwapo yangethibitishwa, matumizi ya shayiri katika Bonde la Nile yangekuwa yametangulia kilimo cha Asia ya Magharibi kwa maelfu ya miaka, na historia ya kilimo ingelazimika kuandikwa upya.

Jaribio na matokeo yake

Udhaifu wa hoja hiyo ulikuwa katika hatua moja tu: kilichopimwa kilikuwa mkaa, si shayiri. Vipimo vya wakati huo vilihitaji kiasi kikubwa cha kaboni, na punje chache zisingetosha. Hali ilibadilika ilipobuniwa mbinu mpya ya kuhesabu atomi za kaboni kwa mtambo wa kuongeza kasi, mbinu ambayo iliweza kupima chembe ya uzito wa miligramu chache.

Kabla ya hapo, uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 1983 ulikuwa umeonyesha kwamba baadhi ya punje hazikuwa zimeungua vya kutosha. Jambo hilo lilitia shaka kubwa, kwa maana punje isiyogeuka mkaa haitarajiwi kudumu ardhini kwa muda mrefu kiasi hicho. Punje zenyewe zilipopimwa moja kwa moja, zilibainika kuwa na umri wa takriban miaka 5,000 au pungufu. Zilikuwa zimepenya kutoka juu na kuingia katika tabaka la kale. Mwaka wa 1984, Wendorf na wenzake walichapisha matokeo hayo katika jarida lile lile lililobeba dai la kwanza.

Swali moja lilibaki: mawe yale yalisaga nini? Mtaalamu wa mimea ya kale, Gordon Hillman, alitambua katika mabaki yaliyoungua viazi vidogo vya ndago. Mmea huu, ambao mkulima wa Kenya huung'oa shambani kama gugu, ulikuwa chakula muhimu huko Kubbaniya. Viazi vilivyokomaa vina nyuzi na uchungu, hivyo huhitaji kusagwa kabla ya kuliwa. Dai la shayiri lilipoondoka, maisha halisi ya watu wale yakaonekana wazi zaidi.

Hoja ambayo haijafungwa

Kazi ya Wendorf huko Nabta Playa, yapata kilomita 100 magharibi mwa Abu Simbel, inadhihirisha upande mwingine wa suala hili. Huko kulipatikana vibanda, visima, mashimo ya kuhifadhia chakula, na punje za mtama wa mwitu zenye umri wa takriban miaka 8,000. Wendorf na Schild walishikilia kwamba mifupa michache ya ng'ombe iliyopatikana katika eneo hilo ilikuwa ya mifugo ya takriban miaka 9,000 iliyopita. Hoja yao ilikuwa kwamba jangwa lile lilikuwa kavu mno kwa ng'ombe kuishi bila kunyweshwa na binadamu. Wapinzani wao walijibu kwamba mifupa ni michache na haitofautishi vya kutosha ng'ombe wa kufugwa na wa mwitu. Hapa kipimo cha umri pekee hakiwezi kukata shauri.

Funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Mtafiti wa fasihi na isimu hukabiliwa na mtego ule ule. Tarehe iliyoandikwa katika nakala ya utenzi ni tarehe ya nakala. Si lazima iwe tarehe ya utunzi. Ubeti ulioongezwa na mnakili wa baadaye unaweza kukaa katikati ya beti za kale kama punje ile katika tabaka lisilo lake. Vivyo hivyo, neno shayiri limetoka katika Kiarabu, lakini umri wa neno hilo katika Kiswahili si umri wa zao lenyewe. Ni wajibu wa mtafiti kuuliza: je, kilichopimwa ndicho kinachodaiwa?

Hitimisho

Wendorf alifariki mwaka wa 2015. Kabla ya hapo alikuwa ameikabidhi Makumbusho ya Uingereza hazina kubwa ya vifaa alivyokusanya katika Bonde la Nile na Sahara. Mifupa ya makaburi ya Jebel Sahaba nchini Sudan, aliyoifukua katika miaka ya 1960, ilichunguzwa upya na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2021. Yeye aliona dalili za vita. Wachunguzi hao waliona majeraha yaliyopona kando ya yasiyopona, ishara ya mapigano ya mara kwa mara. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu ushahidi ulihifadhiwa na kuachwa wazi kwa wengine. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Katika utafiti, anayeanguka ni yule anayeuficha ushahidi uliomtelezesha.