SOMO: Ile Nafasi Kati ya Kiwanda na Nyumba Zetu



Katika semina moja na vikundi vya mtaa unaopakana na viwanda, mama mmoja alisimama akatuuliza: "Hicho kiwanda kimeacha uwanja mtupu mpaka kwenye ua. Sisi tunalala watu saba chumba kimoja. Kwa nini tusijenge hapo hata vibanda viwili?" Watu walipiga makofi. Sisi tuliokuja kufundisha tulinyamaza kidogo, maana swali lilikuwa la haki. Somo hili ni jibu letu.

1. NAFASI HIYO NI NINI?

Mji hugawanywa katika maeneo: ya makao, ya biashara, ya viwanda. Hata katika eneo la viwanda, mwenye ploti haruhusiwi kujenga mpaka kwenye bikoni. Lazima arudi nyuma, mbele ya ploti, kando na nyuma yake. Umbali huo hupimwa kutoka mstari wa mpaka hadi ukuta wa jengo. Haupimwi kutoka ukingo wa lami, kwa sababu ardhi ya akiba ya barabara si mali ya mwenye ploti.

Tuseme ploti ina upana wa mita 30, na masharti yanataka mita 6 kila upande. Jengo lisizidi mita 18. Huo ni mfano tu. Kipimo chenyewe hutegemea eneo, barabara na kazi ya kiwanda. Kinapatikana katika masharti ya kaunti na katika ramani iliyopitishwa.

2. INA FAIDA GANI?

(a) Moto ukitokea, hauruki upesi kwenda kwa jirani, na gari la zima moto hupata pa kupita.
(b) Malori hugeuza na kupakua ndani ya ploti, si barabarani ambako watoto wanapita kwenda shule.
(c) Hewa, mwanga na maji ya mvua hupata njia.

Kwa hiyo nafasi hiyo ni ya mwenye kiwanda kwa hati, lakini ni kinga ya jirani pia.

3. TUJIFUNZE KUTOKA KWA YALIYOTUPATA

Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba huko Lunga Lunga, katika Eneo la Viwanda la Nairobi. Ilifuata mtaro hadi mtaa wa Sinai. Watu walitoka kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Nyumba zilikuwa zimejengwa karibu mno na njia ya bomba. Hapo watu ndio waliosogelea hatari.

Huko Owino Uhuru, Mombasa, mambo yalikuwa kinyume. Hatari ndiyo iliyowasogelea watu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani mwa mtaa. Madini ya risasi, yaani ile metali ya betri, yaliingia hewani, katika maji na katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ilirudisha uamuzi huo Desemba 2024. Hapa tunaona kwamba mita chache peke yake hazizuii sumu. Kazi kama hiyo haifai kuwekwa kando ya makao hata kidogo.

4. TUFANYE NINI?

Kwanza, tusisubiri ukuta uinuke. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mjenzi aombe kibali cha kaunti na kuwaarifu wananchi, ili wenye pingamizi wazitoe. Kwa hiyo tusipite tu tunapoona tangazo limebandikwa, tulisome.

Pili, pingamizi iandikwe. Ipelekwe kwa afisa wa mipango, na nakala igongwe muhuri na kuwekwa.

Tatu, anayepinga leseni iliyotolewa na NEMA ana siku 60 za kukata rufaa. Siku hizo huisha upesi!

Nne, Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinasema si lazima kwanza tuonyeshe mtu aliyeumia ndipo tuende kortini. Hatungoji mtoto augue.

5. TURUDI KWA YULE MAMA

Baada ya semina, kikundi chake kilikwenda kutazama ile nafasi. Kumbe upande wa nyuma kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshaijaza: stoo ya mabati na mapipa ya rangi hadi kwenye ua, hatua chache kutoka vitanda vya watu. Waliandika barua kwa kaunti. Mapipa yaliondolewa. Stoo bado ipo, nao wanafuatilia.

Mama ana haki ya kudai makao. Lakini tuyadai mahali salama, si katika njia ambayo moto utapitia.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Ni kiwanda gani kilicho karibu nasi, na kinafanya kazi gani?
2. Nafasi yake imejazwa na nani: mwenyewe, au sisi?
3. Nani kati yetu atakwenda ofisi ya mipango juma hili, na atarudi lini kutuambia?