Somo la Kilimo: Ngao za Nafaka Dhidi ya Kuvu



Kuvu ni kimelea kidogo ambacho mbegu zake huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Huangukia mahindi ya milima ya Umatengo na mpunga wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Liuli hata Mbamba Bay. Hata hivyo mimea mingi haiugui, kwa kuwa inajikinga.

Ngao ya kwanza ni ngozi. Jani la mhindi limefunikwa na nta. Mpunga hufyonza ardhini madini ya silika na kuyatandaza chini ya ngozi ya jani, likawa gumu kutobolewa. Mkulima akizidisha mbolea ya naitrojeni, jani hulainika, na madoa yenye umbo la jicho huenea upesi.

Ngao ya pili imo ndani. Kuvu ikipenya, chembe hai za mmea huitambua na kutengeneza kemikali za kuipinga. Nyingine hufa kwa hiari ili mvamizi akose chakula. Mmea husaidiwa pia na mkulima: katika ngoro, mahindi yakipishana na maharage, kuvu ya madoa ya kijivu iliyojificha ndani ya mabua makuukuu hukosa mhindi wa kushambulia.

Lakini punje iliyovunwa haina tena nguvu ya kupigana. Ngao zilizosalia ni mbili: ngozi isiyopasuka, na ukavu. Zikikosekana, kuvu huota na kutoa sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kabla ya kupokea gunia, katibu atie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, aitikise, kisha aiache robo saa. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, mahindi ni mabichi. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Kumwonea haya mwanachama mmoja ni kuhatarisha ghala la wote.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:
1. Kwa nini punje zilizopasuka au kutobolewa na wadudu zitengwe?
2. Chama chetu kina maturubai mangapi, nani anayatunza?